Draiva ya Diski na Sauti ya Mama Ndeti

Mimi ni Nzilani, fundi wa cherehani hapa Mutomo. Mume wangu ni Musyimi. Yeye hurekodi nyimbo za kwaya ya kanisa letu. Tunafanya kazi chumba kimoja. Cherehani yangu iko dirishani, kompyuta yake iko ukutani. Nikishona, analalamika kelele. Akifungua spika, nalalamika mimi. Tumezoeana hivyo.

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa na shangwe! Jumapili kwaya ilikuwa inazindua nyimbo zake nane. Mimi nilikuwa nashona sare za zambarau zenye kola nyeupe. Mbuzi wa jirani aliingia akatafuna mkono wa sare moja. Siku nyingine ningemfukuza na mwiko. Siku ile nilicheka tu, nikakata mkono mwingine.

Wimbo wa tano ndio tuliousubiri zaidi. Mwimbaji wake ni mama mkwe wangu, Mama Ndeti. Aliuimba mwezi wa pili. Mwezi wa nne alipasuliwa uvimbe wa shingo. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sauti ilibaki ya kukwaruza, karibu kunong'ona. Sauti yake ya zamani haikurudi tena. Ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya Musyimi.

"Baba Mutanu, umeweka nakala mahali pengine?" nilikuwa nimemuuliza Musyimi mara nyingi, nikimwita kwa jina la mtoto wetu.

"Nitaweka."

Huyo mtu, "nitaweka" ni jina lake la pili.

Siku ya Alhamisi Musyimi alitaka kutumia intaneti ya waya. Kompyuta ilikataa kuuona waya. Basi akatumia intaneti ya simu, akafungua ukurasa wa kampuni iliyotengeneza ule ubao mkuu wa ndani, ambao mafundi huuita motherboard. Pale kulikuwa na orodha ya draiva.

"Draiva ni nini?" nikamuuliza.

"Ni programu ndogo. Inaielekeza kompyuta jinsi ya kutumia kifaa fulani."

Akachukua draiva ya intaneti, akaiweka. Mara taa ndogo ya kijani ikawaka pale waya unapoingia.

"Imekubali!" Musyimi akaruka, akacheza kidogo mbele ya cherehani yangu. "Nani fundi?"

"Ni wewe, baba. Sasa kaa chini."

Hakukaa. Aliteremka na ile orodha mpaka mwisho. Chini kabisa kulikuwa na draiva ya diski. Kando yake pameandikwa kwamba si lazima.

"Hii nayo naiweka," akasema.

"Si imeandikwa si lazima? Na diski yako ina shida gani?"

"Haina shida. Lakini Mama Mutanu, kwenye mwethya, mtu akija na jembe lake, huwa tunamrudisha nyumbani?"

Hapo alinishika. Sisi tumelelewa na mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Tukichimba mtaro, kila anayekuja hupewa kazi. Mzee atapewa hata kazi ya kuchunga maji ya kunywa. Kumrudisha mtu ni aibu. Nikaendelea kushona.

Draiva ikagoma. Ujumbe ukatokea: kompyuta hii haiwezi kutumia programu hii.

"Haiwezi? Yangu?" Musyimi akaona ametukanwa. Akatafuta vidio. Kijana mmoja ndani ya vidio akasema ni rahisi, ingia kwenye mipangilio ya ndani, pale panapoonyesha AHCI weka RAID. Musyimi akaizima kompyuta, akaiwasha, akaingia huko ndani. Kwanza akapiga picha ya skrini kwa simu, akaituma kwa kikundi cha kwaya: "Fundi kazini!" Ndipo akabadilisha. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Ikajiwasha. Skrini ikawa buluu. Ikajizima. Ikajiwasha tena, buluu tena.

"Musyimi," nikamwita kwa jina. Nikimwita kwa jina ujue mambo yameharibika. "Nyimbo ziko wapi?"

Jasho lilikuwa linamtoka puani. Akavuta droo, akatoa flashi yenye Windows.

"Nitaanza upya. Nitaweka Windows mpya."

"Na vilivyomo ndani?"

"Inaweza kuvifuta, lakini..."

"Usiguse!" Nilisimama hata sare zikaanguka. "Kitambaa kikishakatwa hakirudi! Ile ni sauti ya mama yako, Musyimi. Mama hawezi kuimba mara ya pili!"

Akaiweka flashi chini polepole. Mume wangu ni mbishi, lakini hana moyo wa jiwe. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikachomoa waya wa umeme, nikampigia simu Mwalimu Nduta.

Mwalimu Nduta hufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Kwao ni Nyeri, lakini amekaa hapa miaka sita na muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, anapika kunishinda. Alifika kesho yake mchana baada ya masomo. Mama Ndeti naye alikuwa amekuja kujaribu sare yake. Hatukuweza kumficha. Aliketi kwenye kiti changu, mikono magotini, akiangalia ile kompyuta iliyozimwa.

"Msiniambie mengi," Mwalimu akasema. "Niambieni jambo moja. Kitu cha mwisho kubadilishwa ni kipi?"

Musyimi akaeleza yote. Mwalimu hakumcheka.

"Vizuri ulisimama hapo. Hujafuta kitu. Umebadilisha tu njia ambayo kompyuta hutumia kuifikia diski. Windows ilizoea njia moja, wewe ukaifungulia nyingine. Sasa haioni mlango. Unakumbuka ilikuwaje mwanzo?"

"Nimechanganyikiwa, Mwalimu. Sikumbuki neno lolote."

"Fundi kazini!" nikapiga kelele. "Ile picha yako ya majivuno! Iko kwenye kikundi!"

Nikaifungua kwa simu. Hiyo hapo! AHCI, imeandikwa wazi, na chini yake watu kumi na wanne wamempigia makofi. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kuolewa na mtu wa majivuno.

Mwalimu akarudisha waya wa umeme, akaingia kwenye mipangilio, akarudisha AHCI, akahifadhi. Kompyuta ikajizima, ikawaka. Yale madoa madogo ya kusubiri yakazunguka kwenye skrini, yakazunguka... kisha picha ya kwaya ikajaza skrini!

"Ngai, Mungu wangu!" Musyimi akapiga magoti pale pale sakafuni. Mimi nilimkumbatia Mwalimu mpaka miwani yake ikapinda. Tukafungua folda. Nyimbo nane, zote zipo!

"Sasa nifundishe," Musyimi akasema. "Ile draiva ni mbaya?"

"Si mbaya. Haikuhusu. Una diski ngapi?"

"Moja."

"Basi. RAID ni ya mtu mwenye diski mbili au zaidi, anayetaka zifanye kazi pamoja kama diski moja. Tena, Windows huja na draiva yake ya diski. Kama kompyuta inawaka, na diski inaonekana, na faili zinafunguka, basi draiva ya kutosha ipo tayari."

"Kwa hivyo ile nyingine haina kazi kabisa?" nikauliza.

"Ina siku yake. Siku unaweka Windows na inakuambia haioni diski yoyote, hapo utaihitaji. Siku umenunua diski kadhaa uziunganishe, utaihitaji. Au kampuni ya ule ubao iseme wazi kwamba hiyo draiva inatibu shida uliyo nayo. Usipokuwa na moja ya hayo, iache huko huko."

Nikaelewa mara moja. Cherehani yangu ilikuja na kisanduku cha vyuma vidogo, kimoja cha kushonea zipu, kingine cha vifungo. Sijawahi kufunga cha zipu ili nishone pindo la kitambaa cha mezani. Kinakaa kisandukuni mpaka zipu ije.

Lakini Musyimi alikuwa bado na lake. "Mwalimu, huku kwetu anayekuja kwenye mwethya hupewa kazi."

Hapo Mama Ndeti akainua mkono. Kwa sababu sauti yake ni ndogo, sote tuliinama kumsikia.

"Musyimi. Mwethya huitwa lini?"

"Kukiwa na kazi, mwaitu, mama yangu."

"Wewe uliita watu. Mtaro wa kuchimba ulikuwa wapi?"

Mwalimu Nduta alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, Jumatatu njoo ufundishe darasa langu!"

Kabla hajaondoka, Mwalimu alitusimamia tuweke nakala. "Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, nakala kwanza," akasema. "Na zisikae nyumba moja." Tulinakili nyimbo kwenye flashi mbili. Kwenye kila flashi tulifungua wimbo mmoja mpaka mwisho, kuhakikisha unacheza. Moja ilibaki ndani ya mkebe wangu wa vifungo. Ya pili alipewa dada yangu anayeishi Tawa, aliyekuwa amekuja kwa uzinduzi. Musyimi alifanya haya yote bila kusema "nitaweka" hata mara moja.

Jumamosi asubuhi kompyuta ikamwonyesha ujumbe. Kuna programu nyingine mpya, si lazima. Nikasimamisha cherehani nimwangalie. Akakuna kichwa, akaniangalia.

"Mama Mutanu, kuna mtaro?"

"Hakuna."

Akaufunga ule ujumbe, akaendelea na kazi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye madirisha. Wageni walitoka hata Nuu. Sare zangu ziling'aa, na hakuna aliyejua ni mkono gani ulioliwa na mbuzi. Nyimbo nne za kwanza zilichezwa, watu wakapiga vigelegele. Kisha Musyimi akabonyeza wimbo wa tano.

Sauti ya Mama Ndeti ikajaa kanisani. Ile ya zamani! Ilikuwa nzito na safi, inapanda juu bila kukaza. Wanawake wa kwaya waliojua habari yake walianza kulia na kucheka pamoja. Mimi nililia bila aibu. Mama mwenyewe aliketi safu ya tatu, ametulia, midomo yake ikifuata maneno.

Wimbo ulipoisha mchungaji mgeni akasimama. Yeye hakujua lolote.

"Ninamtaka huyo aliyeimba," akasema. "Asimame tumwone!"

Mama Ndeti akasimama na sare yake ya zambarau.

"Ni mimi," akasema kwa ile sauti yake ya sasa. Halafu akageuka kule iliko kompyuta. "Musyimi, irudie."

Musyimi akairudia.