Mbeyu Hakuulizwa

"Mbeyu! Weka chini hicho ulichoshika, funga mzigo wako, twende nyumbani."

Sauti ya Mzee Nzai ililijaza darasa zima. Watoto waliokuwa wametapakaa juu ya mikeka, kila mmoja na kazi yake, waliinua vichwa. Mbeyu aliinuka taratibu, akajifunga leso vizuri, akamwendea mjomba wake pale mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Kuna msiba nyumbani?"

"Msiba wa nini? Kuna heri. Umeposwa, na mume mwenyewe amekubali uache masomo haya."

Mbeyu akamkatiza. "Mume gani? Kombe?"

Mzee Nzai akacheka. "Kombe na mbata zake za nazi nimemrudisha Msambweni. Nimekupa huyo huyo umtakaye. Chirau."

Mbeyu alitaka kufurahi, lakini akalirudia lile la masomo.

"Chirau amekubali mimi niache chuo?"

"Kwa mdomo wake, mbele ya wazee. Nilimwuliza, mke mwenye cheti cha serikali, nyumbani atamtii nani? Akanijibu, sawa mjomba, ataacha."

Kabla Mbeyu hajapata la kusema, Bi Shirin, mkuu wa chuo, alikwisha kufika. Alikuwa mama wa Kihindi wa Mombasa, mwenye mvi na miwani, aliyeisomea kazi hii ng'ambo.

"Karibu, mzee. Hapa watoto hawakatizwi kazi. Vua viatu ukae mkekani, wakimaliza mtazungumza."

Mzee Nzai alikuwa mkali, na kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake, lakini alikuwa mtu wa adabu. Akavua makubadhi yake, akaketi.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita. Kwale ya siku zile, huko juu mlimani, ilikuwa na baridi ya asubuhi iliyowafanya watu wa pwani wavae makoti, na ukungu ulishuka mpaka madirishani. Chuo chenyewe, cha kufundishia walimu wa watoto wadogo, kilikuwa nyumba moja ndefu ya makuti, na wanafunzi wake hawakujaza hata mabenchi mawili. Waliitwa walimu wa kubembeleza, na watu walipopita njiani waliwacheka, kwa sababu hapo hapakuwa na fimbo wala kuimbishana hesabu. Mtoto alichagua kazi yake mwenyewe rafuni, akaifanya mpaka aridhike. Mwalimu alimwonyesha mara moja tu, kisha akakaa pembeni kumtazama. Bi Shirin aliwafundisha kusimama mikono ikiwa nyuma, ili wasije wakaingilia.

"Chirau, mikono!" Ndivyo alivyozoea kusema kutwa kucha.

Maana Chirau, kijana wa Mkongani aliyesomea ualimu pamoja na Mbeyu, mrefu, mcheshi, mwepesi wa kila jambo, hakuweza kumwona mtoto akihangaika asimsaidie. Mtoto akitafuta herufi, Chirau ameshamwonyesha. Akianza sentensi, Chirau ameshaimaliza. Mbeyu alimpenda kwa wepesi huo huo.

Mapenzi yao yalianzia Galu, siku walipotumwa kuchota mchanga wa kutengenezea herufi. Herufi hizo zilibandikwa kwa gundi juu ya vibao, mtoto akazipapasa kwa kidole hata akaujua mwendo wa kila moja. Galu ilikuwa kimya, mahoteli bado hayajazaliwa. Mchanga ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, na mbega waliwatazama kutoka mitini.

"Mbeyu," Chirau alimwambia siku ile, "tukipata vyeti, tutaomba shule moja."

"Wakitupeleka mbalimbali?"

"Nitapanda baiskeli kila Ijumaa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka utakapokuwa."

Sasa Mzee Nzai alikuwa mkekani, amekunja uso, anamtazama binti mdogo aitwaye Kadzo akimimina maji kutoka kwenye birika kuingia vikombeni. Maji yakamwagika. Kadzo akachukua kitambaa, akapangusa, akaanza upya. Yakamwagika tena.

"Hamwoni?" mzee alinong'ona. "Mtoto anamwaga maji, na mwalimu anatazama tu?"

"Mngoje, mjomba," Mbeyu alimjibu.

Kadzo alitoa ulimi nje kidogo, akainamisha birika polepole. Safari hii maji yaliingia yote. Hakuna aliyempigia makofi. Akatazama huku na huku, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akaja nacho hatua kwa hatua hadi kwa mgeni.

"Maji."

Mzee Nzai alikipokea, akanywa mpaka mwisho. "Alhamdulillahi. Ahsante, mama."

Watoto walipotoka nje kucheza, Mbeyu alipiga magoti mbele yake.

"Mjomba, Jumatatu mkaguzi ananitazama nikifundisha. Nikifaulu napata cheti. Niache nimalize."

"Mpwa wangu, maji nimekunywa, na nimeona si upuuzi mnaoufanya hapa. Lakini neno la mwanamume likishatoka limetoka. Wazee wamelishika."

"Na neno langu mimi?"

Mzee aligeuza kikombe kitupu mkononi. "Neno alitoe aliyelitia. Ijumaa baada ya swala tutakaa nyumbani Kikoneni. Chirau akija kulirudisha neno lake, utamaliza. Lakini aelewe, akilirudisha, posa yake nayo imekufa. Asipokuja, Jumamosi nakufuata."

*

Chirau alikuwa katika chumba cha vifaa akipiga msasa vibao. Alipomwona Mbeyu mlangoni, tabasamu lilimtoka, kisha likazimika.

"Mjomba wangu amekuja," Mbeyu alisema.

"Amekwambia?"

"Ulikwenda Kikoneni lini?"

"Jumapili ile niliposema nakwenda kumjulia hali mama. Mbeyu, nisikilize. Nilipata habari kuwa Kombe amepeleka posa. Ana duka, ana lori, anapeleka mbata mpaka Mombasa. Mimi nina baiskeli. Niliogopa watakupa yeye."

"Kwa hiyo ukanitoa chuoni."

"Nilikutoa kwa Kombe! Mjomba wako hakuwa na sharti jingine. Nilifikiri tuoane kwanza, halafu pole pole nitamlainisha urudi kusoma."

"Ulifikiri. Na mimi nilikuwa wapi ulipokuwa ukifikiri?"

Chirau aliuweka msasa chini. "Nilitaka kukulinda."

"Chirau, unajua nimeingiaje hapa? Baba alikataa. Ami zangu walikataa. Mama aliuza mbuzi wake wawili, akasema yeye hajui kusoma hata jina lake na hataki nami nife hivyo. Wewe umeyaondoa yote hayo kwa 'sawa mjomba'."

"Nisamehe. Wallahi sikukusudia ubaya."

"Hilo nalijua. Kombe angekusudia ubaya ningejua la kumfanya. Wewe unanipenda, na mdomo wangu umeufunga wewe."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pembe ya leso. Kisha akamweleza maneno ya mjomba wake, yote, pamoja na lile la posa kufa.

"Unataka niende?" Chirau aliuliza.

"Sikuambii la kufanya."

"Mbeyu, sema basi. Ukisema nenda, nakwenda."

"Ndiyo nasema sikuambii."

Akatoka, akamwacha katikati ya vibao.

Siku ya pili yake Chirau alibisha hodi kwa Bi Shirin.

"Naomba ruhusa ya Ijumaa, Bi."

Bi Shirin alivua miwani. "Ijumaa ndiyo zamu yako mbele ya mkaguzi. Umesahau?"

"Sikusahau."

"Akikukosa, cheti huna. Utarudia mwaka mzima na wanafunzi wapya. Siwezi kumsogeza mkaguzi kwa ajili yako."

"Naelewa, Bi."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Kuna neno nililolisema mahali pasipo pangu. Nataka nikalitoe mwenyewe."

Bi Shirin alivaa tena miwani. "Nenda," alisema. "Ukirudi, nafasi yako nitakuwekea."

*

Ijumaa alfajiri Chirau alipanda baiskeli. Ilikuwa imenyesha, na njia ya Kikoneni ilikuwa tope tupu. Mahali pengine yeye ndiye aliyeibeba baiskeli. Alifika wazee wamekwisha kula, wamekaa barazani kwa Mzee Nzai, naye suruali yake imegandwa na matope mpaka magotini.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam. Karibu, mkwe," Mzee Nzai alisema, akimpima kwa macho.

"Nimekuja kujivua hilo jina, mzee."

Wazee waligeuka kumtazama.

"Nilisema mbele yenu kwamba Mbeyu ataacha chuo. Lile halikuwa neno langu kulisema. Yeye hakuulizwa. Nalirudisha."

"Unajua posa yako imevunjika?"

"Najua."

"Na Kombe akija kesho?"

"Akija, amwulize Mbeyu. Kama nilivyopaswa kumwuliza mimi."

Mzee mmoja aliguna. "Vijana wa siku hizi. Unasema leo, unatema kesho."

Hapo sauti ya mwanamke ilitoka ndani, nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Mama Dama, mamake Mbeyu.

"Kaka Nzai, niwieni radhi. Wangapi mmewaona wakija mbio kujivunjia posa wenyewe? Anayetaka kuoa kwa hila haji na matope magotini."

Mzee Nzai alivuta ndevu zake. Akawatazama wenzake, hakuna aliyepinga.

"Basi. Mtoto amalize masomo. Na wewe, kijana, ule kabla ya kuondoka. Ugomvi wa posa hauhusu tumbo."

Jumatatu Mbeyu alifundisha mbele ya mkaguzi. Watoto walichagua kazi zao, na mkaguzi akakaa kwenye kigoda, magoti yakigusa kidevu, mtoto mmoja akimfundisha yeye kupapasa herufi. Mbeyu alifaulu. Alipewa cheti na kazi ya kuanzisha darasa la watoto wadogo huko huko kwao Kikoneni.

Siku ya kuondoka, Chirau alimbebea sanduku mpaka barabarani.

"Mjomba alinieleza ulivyofika," Mbeyu alisema. "Ahsante."

"Ilikuwa haki yako. Mbeyu, je, naweza kuja Ijumaa moja moja?"

"Usije."

"Hata kukusalimu?"

"Nimepata darasa langu la kwanza maishani. Nataka nilisimamishe nikiwa peke yangu, nijijue. Usiniahidi kitu, nami sikuahidi."

Chirau alikuwa na maneno mengi, na zamani angeyasema yote. Safari hii alimpa sanduku lake. "Mungu akusimamie," akasema, akarudi kupanda mlima.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kwa Chirau. Alikaa na wanafunzi wapya, akaanza tena na mchanga na gundi. Habari za Kikoneni zilimfikia kama zifikavyo habari, kwa wapita njia. Alisikia kwamba watoto walianza wachache wakazidi mpaka wakakaa uani. Alisikia kwamba Kombe alikwenda mwenyewe na kanzu mpya, Mbeyu akampa kiti na chai, akamkatalia kwa heshima, naye Kombe akaondoka bila kinyongo. Usiku ule Chirau hakulala, lakini baiskeli hakuigusa.

Kisha asubuhi moja, mvua za vuli zimeisha, Mbeyu alisimama mlangoni pa darasa la Kwale. Alikuwa amekuja kuazima vibao vya herufi.

Chirau hakumwona. Alikuwa ameketi mkekani kando ya mvulana aliyekuwa akipanga herufi za jina lake. Mvulana alikosea, akatazama, akakuna kichwa, akakosea tena. Chirau alitulia tuli. Mvulana akaziondoa zote akaanza upya, na Mbeyu, aliyekuja na haraka zake, akajikuta amesahau vibao, anamtazama mwanamume huyu akingoja.

Jina lilipokamilika, mvulana akacheka, na Chirau akainua macho.

"Mbeyu!"

"Usisimame. Hajakuonyesha jina lake."

Walitoka nje, wakasimama chini ya upenu wa makuti.

"Watoto wangu wamekuwa wengi," Mbeyu alisema. "Nahitaji mwalimu wa pili."

"Waniomba nije Kikoneni kufundisha?"

"Hilo la kufundisha ataamua mkaguzi." Mbeyu aliangalia miguu yake, kisha akamtazama usoni. "Mimi nakuomba uje kuposa."

Chirau akasogea karibu.

"Na safari hii," akauliza, "nimwambie nini mjomba?"

"Usimwambie kitu. Nimeshamwambia mimi."

*

Waliozwa Kikoneni mwaka uliofuata, Chirau amekwisha kupata cheti chake. Bi Shirin alikuja na lori la mizigo, miwani imejaa vumbi. Wanaume walikaa barazani pamoja na sheikh, na Mzee Nzai, aliyewekwa wakili na babake Mbeyu ili amwulize bibi harusi, akaingia ndani kwa wanawake.

"Mbeyu, Chirau anataka kukuoa. Je, umeridhia nimwozeshe?"

Desturi ni kwamba mwali hainui uso wala sauti, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Mzee Nzai alingoja kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageuka kutoka.

"Mjomba, bado sijajibu."

Shangazi mmoja alimfinya paja. Mama Dama akauondoa mkono wa shangazi. Mzee Nzai alirudi, akaketi chini kabisa mbele ya mpwa wake.

"Haya, mama. Nakusikiliza."

Mbeyu aliinua uso. Alisema kwa sauti aliyozoea kuwaitia watoto kutoka uani, ikapita pazia, ikapita ukuta wa makuti, ikafika barazani kabla ya mtu yeyote.

"Nimeridhia. Mwozeshe."

Vigelegele vilipasua nyumba. Mzee Nzai alipotoka nje, Chirau alikuwa ameinamisha kichwa, anajifuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Bibi harusi amesemaje?" sheikh aliuliza, kama ilivyo desturi.

Mzee Nzai aliketi, akatengeneza kofia yake.

"Sheikh," alisema, "si mmemsikia mwenyewe?"