Machicha ya Sauti ya Sumeiya

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme wallahi neno hili halitoki. Umeapa? Basi hata mimi Fatu aliniapisha hivyo hivyo, na sikumaliza uchochoro kabla sijamwambia Kache muuza mbaazi. Sogea.

Ni habari ya dadake Fatu, Sumeiya, mkewe Umair, pale Shella. Umair ni fundi wa mitambo. Alikuwa akiunda redio mbili za mkononi za watu wa Sabaki, kule mtandao ni wa kubahatisha. Sauti ya mtu ni nzito, haipenyi njia nyembamba, kwa hiyo redio inaikamua kama nazi. Tui, yaani vipimo vya koo, pumzi na mdomo, ndilo linalosafiri, machicha yanatupwa. Redio ya pili inapokea vipimo na kuiunda sauti upya. Mtu akinyamaza, hiyo ya pili hujitilia mvumo wake wa kubuni, usije ukadhani mwenzako amekata.

Sauti ya kujaribia ilikuwa ya Sumeiya.

Adhuhuri moja yuko jikoni, kimya, akausikia ule mvumo chumbani ukivuta pumzi. Mvumo wa kubuni una mapafu gani? Ikafuata harufu ya udi, na hakuna aliyefukiza.

Kesho yake alipoita tuktuk, sauti ilimtoka nyembamba, ya kukwaruza. Kumbe kuna aliyekuwa akiyala machicha. Na kadiri sauti yake ilivyokauka ndivyo ile ya redioni ilivyonona, ikacheka kicheko chake cha harusini, ikamwita Umair kwa jina la faraghani, hata Sumeiya akawa hukaa sakafuni mikono masikioni, akijua kwamba akiivunja redio sauti yake itafia humo, na asipoivunja itahamia humo yote, naye abaki na mdomo mtupu.

Fatu akamleta mganga, Mzee Dzombo. Baraza ikajaa majirani. Usiniulize nani aliwaambia.

"Redio ni mbili," alisema Dzombo. "Naiona moja."

"Shikamoo, babu. Ya pili niliitupa mtoni Sabaki. Wallahi," Umair akajibu.

"Mbona watokwa jasho?"

"Joto, babu."

Dzombo akaitoa betri ile redio moja. Akatutilia maji vinywani sote, Sumeiya na Umair pia, asiweze mtu kusema. Yule mzee ni mjanja! Jini aliyevaa sauti ya mwanamke wa Shella amevaa na adabu zake. Akiitwa na mkubwa hana budi kuitika.

"Sumeiya!" mzee akaita.

Udi ukanuka.

"Abee, babu!"

Sauti nono, tamu, kutoka mfukoni mwa kanzu ya Umair.

Maji yakaturuka. Fatu akawa wa kwanza kupata ulimi: "Shemeji! Mto Sabaki umehamia mfukoni?"

"Huyu hanigombezi!" Umair akalia. "Nikisema anasikiliza. Nikichelewa haniulizi!"

Sumeiya akainuka, akatema maji, akafungua mdomo amwambie mumewe amrudishie sauti yake. Hakikutoka kitu ila mvumo.

"Usinitoe, mume wangu," ikanong'ona kanzu. "Watu wote hawa wananitazama."

Na kweli tulikuwa tukitazama, mtaa mzima: mkono wa Umair umo mfukoni hadi kiwiko, ukiibembeleza redio.