Nilisoma Jina la Dada Yake Mbele ya Watu

Nina umri wa miaka arobaini na minane. Nilizaliwa Masasi, kusini mwa Tanzania, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili naishi Durban. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Sydenham. Ndugu wasomaji, siandiki haya ili mnionee huruma. Wanaonihurumia ni wale wasiojua nilichokifanya... Wanaojua wameshanikatia tamaa, na siwalaumu.

Mume wangu, Yusufu, ni mzaliwa wa hapa. Wazee wake walikuwa Wamakua, walioletwa Natal zamani baada ya kuokolewa kutoka utumwani. Waliishi kule Bluff mpaka utawala wa ubaguzi ulipowahamishia Chatsworth. Siku Yusufu aliponipeleka nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, nilimsalimu mama yake kwa Kimakua nilichojifunza kwa bibi yangu. Yule mama aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika, akanikumbatia, akalia. Alikuwa hajaisikia salamu ile tangu mama yake mzazi afariki.

Jina lake ni Zubeda. Mimi namwita Ma, kama wanawe wanavyomwita. Yusufu aliponioa, Ma alihamia kwetu. Mimba zangu mbili zilipoharibika, ni yeye aliyeniogesha. Ni yeye aliyenilisha uji kwa kijiko huku akinikanya nisilie nikiwa na njaa. Mama yangu mzazi yuko mbali... Mungu alinipa mwingine. Nami nilimfanyia nini?

Ma alikuwa na rafiki mmoja tu, mzee mwenzake kutoka Umlazi, tuliyemwita Gogo Maria, yaani Bibi Maria kwa Kizulu. Kila Alhamisi binti yake, Nomvula, muuguzi mstaafu, alimleta kwa gari asubuhi na kumfuata alasiri. Wazee hao walikaa jikoni wakimenya njegere na kucheka mpaka machozi. Tuliambiwa walifahamiana kiwandani, walipokuwa wanashona nguo. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Siku moja nilikuwa napanga kabati la Ma, nikakuta picha ya zamani ya wasichana wawili. Mmoja mrefu, mweusi, amemshika mdogo bega. Nyuma iliandikwa kwa wino uliofifia: Mariamu na Zubeda. Nilimuuliza Ma, huyu Mariamu ni nani? Akakaa kitandani. Alisema ni dada yake, na kwamba alipotea katika miaka mibaya ya ubaguzi. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Usimtafute," alisema. "Mtoto wangu, niapie. Usimtafute kwenye karatasi yoyote."

Niliapa.

Wakati huo nilikuwa nimeshajiunga na kikundi cha watu wanaotafuta historia za koo zao. Tulikutana Glenwood, katika ukumbi mdogo karibu na chuo kikuu. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, Bwana Pillay. Kikundi kilikuwa na Wahindi, Wazulu, Machotara, Wakongo, na mimi. Wengi walikuwa wamegonga mwamba. Bibi anajulikana, lakini mama wa bibi hajulikani. Majina yao yalikuwa kwenye karatasi za sensa za zamani, zile ambazo karani alipita nyumba kwa nyumba akiandika kila mtu aliyemkuta. Nasi tulizuiwa kuziona.

Tuliandika barua. Tulikusanya saini. Tulisimama nje ya ofisi na mabango. Jibu lilikuwa lilelile: yaliyoandikwa ni siri za watu, na anayeruhusiwa kuiona karatasi ni mtu aliyetajwa humo mwenyewe, akiomba kwa saini yake. Bwana Pillay aliuliza, na wafu je? Wafu watasaini vipi? Hapo alikuwa na haki kabisa, na mpaka leo naamini hivyo.

Basi siku moja alituambia kwamba tunachokosa ni sura ya mtu wa kuonyesha. Tukipata familia moja tu, jina moja lililofukiwa, waandishi wa habari watakuja na ofisi italazimika kutusikiliza. Alipokuwa anasema hivyo, mimi nilikuwa naiona ile picha...

Ma alikuwa hai! Angeweza kusaini mwenyewe. Lakini sikumpelekea fomu, kwa sababu nilijua atakataa. Mnaona? Nilijua atakataa, na nikatafuta mlango wa nyuma.

Mlango huo ulikuwa Papa Dieudonné, Mkongo, baba wa watoto wanne. Alijiunga nasi kwa sababu karatasi zote za ukoo wake ziliungua vitani, na hakutaka watoto wake waseme hawana walikotoka. Alifanya kazi katika ghala moja Clairwood, na humo yalihifadhiwa maboksi ya makaratasi ya zamani yakisubiri kuhamishwa. Nilimpa jina la baba yake Ma na jina la mtaa. Nilimbembeleza wiki tatu. Siku aliponiletea picha ya karatasi kwenye simu yake, alinivuta pembeni.

"Mama Halima, ile karatasi iko," alisema. "Mi niliona na macho yangu. Lakini kama boss anajua, mi nimekwisha. Hii iko ya wewe tu, unasikia? Ya wewe tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hicho kilikuwa kiapo changu cha pili.

Nilikaa kwenye cherehani nikaisoma. Baba, mama. Zubeda, binti, miaka kumi na miwili. Na mstari wa mwisho: Mariamu, miaka kumi na sita, mtumishi wa ndani.

Mtumishi! Katika nyumba ya baba yake mwenyewe! Nililia mpaka kitambaa cha sare kikalowa. Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kuwaza. Ma alikuwa chumba cha pili, hatua kumi tu kutoka nilipokaa. Mbona sikwenda kumuuliza? Nitawaambia ukweli, maana bila ukweli maandishi haya ni bure: niliona fahari. Mimi, mgeni, mshona sare, ndiye niliyepata kile ambacho wasomi walikitafuta miaka yote.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana. Nilialika kila niliyemjua ili ukumbi ujae. Nilimwalika hata Nomvula, na akaja kwa heshima yangu, akakaa safu ya tatu na mkoba wake magotini. Waandishi wawili walikuwepo. Ile picha ya wasichana wawili ilionyeshwa ukutani, kubwa kuliko mtu. Nikasimama, nikasoma karatasi mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye neno mtumishi, nililisoma mara mbili. Nikasema: huyu ni dada wa mama mkwe wangu, na serikali inataka tusimjue!

Watu walisimama wakapiga makofi. Nilidhani Nomvula naye amesimama kwa ajili hiyo...

Hakupiga makofi. Alikuja mpaka mbele, akaigusa picha ukutani kwa kidole.

"Picha hii iko kwenye Biblia ya mama yangu," alisema. "Huyu mrefu ni mama yangu. Wewe umesema nini kuhusu mama yangu?"

Makofi yalikatika. Gogo Maria! Mwanamke niliyemkaribisha chai miaka yote ile ndiye alikuwa Mariamu! Nilikaa sakafuni pale pale, mbele ya watu wote. Nomvula alichukua mkoba wake akaondoka bila kunitazama.

Niliporudi nyumbani Ma alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuwa jikoni, hajavua hata mtandio wake wa kuswalia. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alinieleza polepole, na tangu siku hiyo maneno yake hayajanitoka kichwani.

Mariamu alikuwa mweusi zaidi, na nywele zake zilikuwa ngumu. Siku zile walioandika watu waliangalia ngozi na nywele, kisha wakaamua nani atakaa wapi. Baba yao aliogopa kwamba Mariamu akionekana ni binti yake, nyumba nzima itawekwa kundi jingine na kufukuzwa.

"Baba na mama walikuwa kazini," Ma alisema. "Karani akabisha, nikafungua mimi. Mariamu alikuwa nyuma yangu anapiga deki. Karani akauliza, na huyu? Baba alinifundisha jibu wiki nzima, Halima. Nikasema ni msichana wa kazi. Mariamu alinisikia. Aliendelea kupiga deki."

Mwaka uliofuata Mariamu alipelekwa kwa familia ya Kizulu huko Cato Manor, akawa mtoto wao. Na nyumba iliyolindwa kwa uongo ule? Ilichukuliwa vilevile! Dada hao walikuja kukutana tena utu uzimani, kwenye geti la kiwanda. Mariamu alimsamehe mdogo wake kwa sharti moja tu: watoto wake wasijue kamwe kwamba baba yake mzazi alimkana. Waliambiwa mama yao ni yatima. Ile ndiyo siri niliyoapa kuilinda bila kujua. Nilidhani Ma anajificha yeye. Kumbe alikuwa anamficha dada yake aibu.

Alhamisi iliyofuata gari halikuja. Nomvula alituma ujumbe mmoja: mama yake hatakanyaga tena nyumba ya watu waliomwita mtumishi. Nilikwenda Umlazi kuomba radhi. Nilizungumzia getini. Nomvula aliniambia kwamba tangu siku ile mama yake hataki kula mezani na wajukuu. Anasema anaona wanamtazama.

"Miaka sitini mimi ni mtoto wa mwanamke mwenye heshima," alisema. "Wewe umemfanya mtumishi kwa dakika tano. Hamba, sisi. Nenda nyumbani, dada."

Ma alipiga simu kila siku. Hazikupokelewa. Miezi miwili baadaye kifua kilimbana Gogo Maria, na siku ya tano akafariki. Tulisikia kwa jirani.

Tulikwenda mazikoni bila kualikwa, mimi, Yusufu na Ma kwenye kiti cha magurudumu. Kanisa lilijaa. Kwenye karatasi ya ibada waliandikwa watoto, wajukuu, vitukuu... Dada hakuandikwa. Pale kaburini Ma aliomba asogezwe mbele. Alisema kwa sauti, kwa Kizulu, ili kila mtu aelewe: "Mimi ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja. Ni mimi niliyemkana."

Nilimtazama Nomvula, nikasubiri. Alimjibu bila hasira, na hilo ndilo liliuma zaidi. "Ungemwambia yeye, Gogo. Tangu siku ile alikuwa anakusubiri useme mbele yetu."

Mabaya hayakuishia hapo. Picha ya karatasi ile, waliyoipiga waandishi mkutanoni, ilikuwa imetoka gazetini, na wenye ghala wakajua ilikotoka. Papa Dieudonné alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Nilipokwenda kwake alinifungulia mlango, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Hakunitukana. Mke wake alibaki chumbani, hakutoka mpaka nilipoondoka.

Ma naye alihamia Chatsworth, kwa wifi yangu. Alisema hanichukii, ila akiniona anasikia sauti yangu ikisoma. Yusufu bado yuko nami, lakini tunaongea habari za umeme na mkate tu. Vicheko vimetutoka.

Mwezi uliopita wifi alinipigia. Ma ametaka nimpeleke kwenye ile ofisi, tena mimi na si mwingine. Nilikwenda nikimshukuru Mungu njia nzima. Ma alijaza fomu kwa mkono wake, akasaini. Kumbe ilichukua chini ya saa moja! Karani, kijana mpole, alimletea nakala. Ma alivaa miwani, akautafuta mstari wa mwisho, akaweka kidole kwenye lile neno.

"Hapa mmekosea," alimwambia. "Niliyesema ni mimi, nilisema uongo. Andikeni dada."

Yule kijana alieleza kwa heshima kwamba karatasi ya zamani haibadilishwi, hata ikiwa na kosa.

"Basi andikeni pembeni," Ma alisema. "Hata kwa penseli."

Alimwambia hata pembeni hairuhusiwi. Ma alimshukuru. Aliikunja nakala mara nne, akanishika mkono nimwinue kitini. Nikamrudisha Chatsworth.

Ndugu wasomaji, bado nataka karatasi zile zifunguliwe. Kama siri isingetunzwa kwa miaka yote ile, pengine Mariamu angezikwa akiwa na jina lake. Lakini nawasihi, ninyi mnaochimba majina ya wazee wenu, na wewe uliyeambiwa "usitafute" ukadhani huo ni ujinga wa wazee: majina yale yana wenyewe, na wengine bado wako hai. Nenda ukakae naye. Muulize anaogopa nini, na umsubiri ajibu, hata kama itachukua mwaka. Akikataa, nyamaza. Mimi nilikuwa na mama katika chumba cha pili, hatua kumi tu, na sikuzitembea.