Mchwa Hawana Ufunguo

Jumapili baada ya misa, ukipita mtaa wa Lumemo hapa Ifakara, ungemkuta Mzee Evaristo sebuleni kwake, mlango wazi, akipangusa kabati lake la vioo kwa kitambaa chenye unyevu. Alipangusa bila haraka, kioo hadi kioo, huku redio ikitoa kwaya. Mkamwana wake, Yosefina, alikuwa uani akipepeta mchele. Mjukuu wake, Angelina, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amebandika pua kwenye kioo. Nyumba imetulia, hakuna anayemfokea mwenzake. Wazazi wenzangu, nyumba kama hiyo hatuishtukii, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba penye shida lazima pawe na kelele.

"Babu, yule kiboko anafanya nini?"

"Kiboko gani?"

"Yule wa kwenye jalada, kile kitabu kilichogeukia huku. Amefungua mdomo. Anapiga miayo au anataka kumla mtu?"

"Toa pua yako hapo, unaacha alama."

Vitabu vilivyojaa kabati hilo Mzee Evaristo hakuvinunua. Zamani kulikuwa na chumba kidogo cha kusomea mtaani. Kilipofungwa, aliyekisimamia alimpa yeye vitabu vyote bure, kwa kuwa alikuwa mstaafu wa reli, mtu mwangalifu, na bati lake halivuji. Aliambiwa jambo moja tu: watoto waje kusoma. Wakaja. Wiki hiyo hiyo kitabu kimoja kikarudi na doa la mafuta ya kitumbua. Mzee alilitazama lile doa kama mtu aliyechomewa nyumba, kisha akaenda kununua kufuli. Tangu hapo ufunguo ulining'inia kiunoni mwake, na watoto wa mtaa wakabaki kuvisoma vitabu hivyo migongo.

Yosefina naye alikuwa akiisoma hiyo migongo. Alipofagia sebule, alisimama na fagio mkononi akijiuliza ndani mle mna nini. Lakini katika nyumba ile mkamwana hapekui vitu vya baba mkwe, wala hamwombi jambo uso kwa uso. Akampitishia mumewe, Sylvester.

"Mwambie baba atuazime hata kimoja."

"Mimi? Ukimtajia mzee kabati, presha inapanda. Niache nile ugali wangu."

Mambo yangeendelea hivyo kama mwalimu wa darasa la pili asingemwita Yosefina shuleni.

"Mwanao ana akili, anaongea vizuri kuliko wote," mwalimu alisema. "Ila kusoma hajui. Anatazama picha, anatunga. Juzi ukurasa ulikuwa na ng'ombe, akasoma hadithi nzima ya ng'ombe, darasa likampigia makofi. Neno ng'ombe halikuwemo hata mara moja. Nyumbani anasoma nini?"

Yosefina akalikumbuka kabati.

"Asipojua kusoma mpaka mwisho wa mwaka, atarudia darasa. Nakwambia mapema ili usije ukanilaumu."

Alirudi na jambo moja kichwani. Alishasikia redioni kwamba siku hizi vitabu vipo hata kwenye simu, tena vingine bure. Je, ni kweli? Viko wapi? Nani anavitoa, na anapata nini? Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akaandika kwenye simu: vitabu bure. Ukurasa wa kwanza ukamletea mwanamke anayeuza dawa ya kupunguza kitambi. Wa pili ukamwomba namba ya simu na namba ya siri. Wa tatu ukamwingiza kwenye kundi ambalo kila mtu ameandika "naomba na mimi" na hakuna anayempa mwenzake kitu. Mtu mwingine angeishia hapo na kutangaza mtaani kwamba ni uongo. Yosefina aliona kwamba anayeuliza vibaya ni yeye. Akavaa kandambili, akaenda sokoni kwa Salha, mwenye stationari.

"Mama Angelina! Leo nikutolee kopi ya nini?"

"Sitoi kopi. Nataka vitabu vya bure kwenye simu."

Salha akacheka mpaka mteja mwingine akageuka. "Bure kila mtu anaipenda, shoga yangu. Hebu lete simu nione ulikoangukia." Akatazama. "Hii ya namba ya siri ulijaza?"

"Mimi si mjinga."

"Wengi wamejaza. Kitabu hakina shida na namba yako ya siri. Ukiulizwa hiyo, huyo ni mwizi, funga haraka. Sasa usiandike 'bure' tu. Andika unachokitaka: hadithi za watoto, Kiswahili, darasa la pili. Ukurasa ukija, shuka mpaka chini kabisa. Tazama nani ameviweka, na kama ameandika kwamba ni ruhusa kupakua na kugawa."

"Nani wanaviweka?"

"Wapo watu wa elimu, zipo maktaba, wapo waandishi wenyewe walioamua kutoa. Ukiona kitabu hakina jina la mtu wala ruhusa, kimeibwa. Kiache. Mwandishi naye ana watoto wanaokula."

Wakatafuta pamoja, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo. Kikatokea kitabu cha chura, kikafuata cha mbuzi aliyekataa kuvuka mto, halafu cha mtoto anayetengeneza gari la makopo. Kila kimoja kilikuwa na jina la mwandishi na maneno ya ruhusa chini. Yosefina alihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta anaoupita kila siku.

"Lakini wiki ijayo tunahamia shamba, upande wa Chita. Huko hakuna mtandao."

"Ndiyo maana unapakua hapa hapa. Vikishaingia, zima data. Vipo."

"Hata nikiwa juu ya dungu?"

"Hata ukiwa juu ya mti unamkimbia nyati."

Walihama, kama nyumba nyingi za bonde letu zinavyohama msimu wa mpunga. Mzigo ulipokuwa tayari, jirani yao Leodegar alikuja kuaga.

"Mzee, niachie ufunguo wa nyumba na wa kabati. Nitafungua madirisha, hewa ipite, nipige jicho humo. Mvua hizi zinaleta mchwa."

"Nani? Wewe na wanao wenye mikono ya vitumbua?" Mzee Evaristo alipapasa kiuno chake. "Kabati limefungwa. Mchwa hawana ufunguo."

Watu wakacheka. Hata Leodegar alicheka, lakini alitikisa kichwa akiondoka.

Huko shamba, asubuhi Angelina alikwenda shule shikizi iliyo karibu na mashamba. Mchana alipanda dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kukaa na mama yake kuamia ndege. Ndege wakitua kwenye mpunga, Yosefina alivuta kamba yenye makopo, makopo yakalia, ndege wakaruka. Wakiwa wametulia, alitoa simu.

"Soma."

Angelina akatazama picha. "Chura anaoga kisimani, anafurahi sana, anaimba—"

Yosefina akaifunika picha kwa kidole gumba. "Haya. Soma sasa."

Mtoto alikunja uso. Alimtazama mama, akatazama mpunga, akaona hakuna pa kutorokea.

"Chu... ra. Chura. A... li... po... Alipo... te... a." Akastuka. "Alipotea? Chura alipotea? Alipotelea wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mstari unaofuata ndio unajua."

Akaufuata. Alikwama, akarudi, akapiga paja kwa hasira, akaendelea, kwa sababu alitaka kujua chura yuko wapi. Siku zilivyopita, kidole gumba cha Yosefina kikawa hakina kazi tena.

Mchana mmoja Mzee Evaristo alikuwa chini ya dungu akinoa panga, akasikia sauti ya mtoto ikienda bila kukwama.

"Mnafanya nini huko juu?"

"Tunasoma kitabu, babu!"

"Kitabu?" Mkono ulikimbilia kiunoni. "Nani amefungua kabati?"

"Hakuna, babu. Kiko kwenye simu. Cha bure."

Mzee alipanda ngazi akihema. Yosefina akasogea pembeni, kama ilivyo heshima. Mzee alijifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kuipokea simu, halafu akaona vidole vya mjukuu wake.

"Wewe! Vidole vimejaa miwa!"

"Mama anapangusa kioo tu, babu. Kitabu hakichafuki."

"Na mkikiazimisha, kikipotea?"

"Mama amewarushia wa dungu la jirani kwa bluetooth, na kwetu bado kipo."

Mzee Evaristo aligeuza simu, akaitazama upande wa nyuma kana kwamba vitabu vingine vimejificha huko. Ndege wakatua, na Yosefina akavuta kamba.

"Huyo chura," hatimaye mzee alisema, "alipatikana?"

"Leo nimekianza upya, sijafika huko, babu. Kaa nikusomee."

Akakaa. Siku iliyofuata alipanda bila kuitwa. Walipomaliza vile vitabu vyote, wakarudia, na jioni moja alimshika mjukuu wake kichwa. "Tukirudi mjini, nitakufungulia yule kiboko. Utanisomea wewe mwenyewe."

Angelina hakuzungumza kingine mpaka mavuno yakaisha. Ndani ya treni ya kurudi Ifakara alikuwa bado anabishana na babu yake: anapiga miayo, hapana, anataka kumla mtu.

Walipofika, hata mizigo haijashushwa vizuri, mzee alifungua nyumba. Kabati lilikuwa pale pale. Vumbi kidogo kwenye vioo, na nyuma ya vioo migongo ya vitabu imesimama wima, imenyooka. Alifungua kufuli, akarudi nyuma.

"Toa mwenyewe."

Angelina alivuta kitabu cha kiboko. Jalada likaja mkononi, jepesi kama jani kavu. Nyuma yake ukamwagika udongo. Akagusa cha pili, kikazama kidole. Cha tatu kikabomoka kabla ya kuguswa. Mchwa walipita ukutani, wakatoboa mgongo wa kabati, wakala kila kitu wakaacha migongo na majalada ya mbele. Mzee Evaristo alikuwa akipangusa vioo miaka yote hiyo. Nyuma ya kabati hakuwahi kuchungulia.

Leodegar, aliyekuja kuwapokea, alisimama mlangoni na tabasamu likamwishia.

Angelina alikung'uta udongo kwenye jalada. Kiboko bado alikuwa amefungua mdomo.

"Babu, sasa alikuwa anapiga miayo au alitaka kumla mtu?"

Mzee Evaristo alikaa juu ya gunia la mpunga.

"Sijui, mjukuu wangu. Sikuwahi kukisoma."

Mwisho wa mwaka Angelina alipanda darasa. Mwalimu alimfunikia picha, na mtoto akasoma. Kabati nalo lipo uani, halina kufuli, na kuku wa Yosefina wanatagia humo. Jumapili baada ya misa, Mzee Evaristo huketi kibarazani na simu ya mkamwana wake, amezungukwa na watoto wa Leodegar, mikono ya vitumbua na yote, na akifika sehemu tamu anayegeuza ukurasa haraka si mtoto.

FUNDISHO

Wazazi wenzangu, mtoto halishwi kwa sufuria iliyofungwa. Kitabu ulichopewa bure ili kisomwe, ukikifungia, umemnyima aliyekitoa na aliyekihitaji, na wewe mwenyewe hukupata kitu. Kitabu chenye doa la kitumbua kimesomwa, kimefanya kazi yake. Kisicho na doa chunguzeni vizuri, huenda ndani kuna udongo.

Na msiniambie hamna vitabu. Simu mnazo, maana picha za harusi za watu mnaziona. Ulizeni, tafuteni, tazameni nani ametoa ruhusa, mkatae wanaotaka namba ya siri na mkatae vya wizi. Pakueni mkiwa mjini, halafu mtumie na jirani. Na mtoto akikuuliza kiboko anafanya nini, usimwambie atoe pua. Fungua, msome wote wawili.