Chumvi kwenye Rafu ya Chini

Kitu cha kwanza Arzina alichokiona ni chumvi. Ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa ya jiko, karibu na sakafu, pamoja na majani ya chai na unga wa chapati. Rafu za juu zilikuwa tupu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Februari 2014, Barabara ya Dixon, Toronto. Arzina alikuwa wakili wa mirathi ya marehemu Mohsin. Bi Nurjehan, aliyesema ni mjane wake, ndiye aliyemwita. Baada ya mazishi mama huyo alikaa wiki moja kwa dada yake. Aliporudi, nguo zake, viatu vyake, hata mswaki wake, vilikuwa vimetoweka. Mlango haukuvunjwa. Hapo mlangoni vilibaki viatu vya marehemu, vikubwa, visivyo na kamba, na kijiko kirefu cha kuvalia viatu.

"Hakuna kilichoibwa," alisema Ashif, mtoto pekee wa marehemu. "Huyu mama hakuishi hapa. Alikuwa anamtembelea baba tu. Baba alijipikia mwenyewe."

Arzina alielewa shida ilipo. Mohsin alimwandika Nurjehan kuwa mrithi wa akaunti yake ya kustaafu. Mali nyingine, pamoja na nyumba hii, zilikuwa za Ashif. Lakini ndoa ilifungwa na shekhe hapa sebuleni miaka minane iliyopita, haikuandikishwa serikalini. Bila hata kanga moja, Nurjehan angethibitishaje kwamba alikuwa mke?

"Mwenye akaunti anaitwa nani?" Arzina alimuuliza.

"Baba Ashif."

"Jina lake hasa?"

Nurjehan akatazama chini. "Baba Ashif."

Ashif akacheka. "Mke gani hajui jina la mumewe?"

Ufunguo wa akiba ulikuwa kwa jirani, Mama Naseem. Arzina akamwita.

"Mimi niibe?" Mama Naseem alishika kiuno. "Viatu vya Nurjehan ni saizi ya mtoto, havinitoshi hata kidole gumba! Ufunguo alikuja kuuchukua Ashif Ijumaa. Alisema anataka picha ya baba yake."

"Nilichukua picha," Ashif alijibu haraka. "Basi."

"Mgongo wa baba yako ulikuwaje?" Arzina aliuliza.

"Mbovu. Miaka mitano hakuweza kuinama. Viatu hivyo nilimnunulia mimi."

"Basi chumvi ile ya chini, nani alikuwa anaichukua?"

Ashif alitazama rafu, kisha akamtazama Nurjehan, ambaye hakufika hata kifuani pake. Akakaa kitini.

"Vitu vyake viko stoo, chini," alisema. "Akaunti ile baba aliianza mama yangu akiwa hai. Niliona asipokuwa mke, fedha zitarudi kwangu."

"Ungeniuliza kwanza," Arzina alisema kwa upole. "Aliyeandikwa jina anapokea, awe mke au asiwe. Akiwa mke, fedha zinahamia akaunti yake na kodi inasubiri hadi azitoe. Asipokuwa mke, kodi inadaiwa kwenye mali za marehemu. Yaani kwako. Na kwa sheria ya kodi, kuishi pamoja kama mume na mke mwaka mzima kunatosha."

"Kwa hiyo nilikuwa najiibia?"

"Na kingine," Mama Naseem alidakia. "Mke hamtaji mumewe kwa jina, wewe. Hata mama yako hakulitaja."

Arzina akamgeukia mjane. "Benki itauliza, kwa hiyo nahitaji kulisikia kwako, Bi Nurjehan. Mume wako anaitwa nani?"

Nurjehan alivuta mtandio, akaukaza kidevuni.

"Mohsin," alisema.