Viti vya Mkubwa

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024, mvua ikimwagika milimani, gari la wagonjwa lilikwenda kubeba viti. Bwana Fahadi, mkubwa wa ofisi yenye gari hilo, alikuwa anafungua nyumba yake mpya mjini Lushoto, na viti vya kukodi vilihitaji usafiri. Shamsa, mke wa Abuu, akalisubiri gari hilo mpaka akafia kwenye benchi la zahanati upande wa Mlalo, kichwa mapajani kwa mumewe. Hakuna aliyeulizwa. Wakubwa huulizana wenyewe kwa wenyewe, na hujibiana vizuri.

Abuu alikuwa muuza mapeasi, darasa la saba hakumaliza. Malalamiko ya kuandika hakuyaweza. Akasema moyoni, nitamchora mkubwa yule. Nitamchora mpaka mtoto mdogo amtambue, kisha nitamtuma kwenye simu zote za sokoni.

Ndipo akafika kwa Yusra, siku ya soko, watu wamebanana, akitaka kalamu ya kuchorea kwenye simu. Yusra alikuwa mgeni kutoka Tanga, muuza vifaa vya simu, gauni la kijani, ushungi wa njano unaoteleza kila akicheka. Akamwekea programu ya kuchorea, akamwambia ajaribu.

"Huyu ni mtu au kiazi?"

"Ni mtu. Hajaiva."

Yusra, ambaye naye alikuwa mchoraji, akamwambia aje kila alasiri. Wiki nzima pua tupu. Kisha macho. Kisha masikio, ambayo Abuu aliyachukia. Kila alipotaka kufuta, Yusra alimshika mkono, akamwita mghosi, yaani bwana, kama Wasambaa.

"Usifute, mghosi. Ukifuta hutajua ulikosea wapi. Chora lingine pembeni."

Kiangazi kilipoingia, wauza kabichi walikuwa wanajitambua kwenye simu yake na kutukanana kwa kicheko. Jioni Yusra alikuwa akimpigia simu.

"Umechora?"

"Nimechora."

"Umekula?"

"Hilo nimesahau."

"Kesho nakuletea chapati. Lakini nataka sura yangu."

Yule mkubwa, Abuu alimchora nyumbani, kila siku, na hakumwonyesha mtu. Alipoanza sura ya Yusra, mkono ukasita kwenye macho. Kope nzito, pembe ya nje imeshuka kidogo. Macho hayo alikuwa anayajua. Mazoezi yalimfundisha kuona, na sasa ameona.

"Baba yako ni nani?"

"Bwana Fahadi. Nilidhani unajua."

Abuu aliondoka bila kuaga. Akamaliza picha: mkubwa amekalia kiti ndani ya gari la wagonjwa, nje mwanamke amelala kwenye tope. Akaituma. Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa nayo, na Bwana Fahadi alipopita wakamwamkia, "Shikamoo, Mzee Viti." Abuu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa tamu, na nani atamlaumu?

Yusra akafunga duka. Simu yake ikawa haipokelewi. Chapati hazikuja, na Abuu akajikuta anachora pua tu, kurasa kwa kurasa, kama siku za mwanzo.

Siku ya soko iliyofuata, Yusra akapiga mwenyewe.

"Nimemuuliza baba. Hakukana."

Abuu akaiweka kalamu chini.

"Viti vile, Abuu, hata mimi nilikalia. Nilicheza na muziki."

Abuu akamwambia kwamba yeye Yusra hakujua. Akasema akitaka, picha ataifuta.

"Usifute. Iko kwenye kila simu. Na ni kweli."

Akaenda dukani na mapeasi ndani ya gazeti. Yusra alikuwa amevaa lile gauni la kijani, macho yamevimba. Abuu akamwambia hataki kalamu wala programu tena, anataka mke, na mke mwenyewe ni yeye. Yusra akavuta ushungi, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wagombane.

"Nakutaka, mghosi."

"Radhi kwa baba yako siombi. Shamsa hakuombwa radhi."

"Sijakwambia uombe. Lakini wa kuniozesha ni yeye, hakuna mwingine." Akachukua peasi moja, akaligeuzageuza mkononi bila kuling'ata. "Posa utaipeleka kwa nani?"