Pua ya Kuazima

Kila jioni, Chiriku alipomaliza kuosha vyombo, mama yake alitoa mkobani vikopo vitatu vya siagi ya karanga na kuvipanga mezani. Msichana huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, lakini siri ya vikopo hivyo hakumwambia hata shoga yake.

Mama alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha siagi hiyo. Alinusa, akaonja, akatoa alama. Lakini tangu homa kali imlaze kitandani, pua yake ilikufa, haikunusa tena. Chiriku aligundua siku maharagwe yalipoungua yakawa mkaa, naye mama ameketi kando ya jiko akichambua mchele.

"Haya, ninusie, mwanangu," mama alisema kila jioni, na kesho yake alitoa alama kwa pua ya mtoto.

Jioni moja Chiriku alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Aliogopa kumvunja mama moyo. Akainamia vikopo, akatikisa kichwa kama bingwa. "Vyote vizuri. Cha katikati ndicho kiboko yao!"

Kesho yake mama alirudi mapema, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Mkemia wa kiwanda kaniita. Mashine yake imekuta mvuke wa mafuta yaliyoharibika kwenye kile cha katikati. Wenzangu wote walikunja uso. Mimi nimekipa alama za juu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema mashine yake mbovu."

Chiriku akaangua kilio. "Mama, sikunusa kitu. Nilibuni tu."

Mama hakumgombeza. "Wewe umebuni mara moja. Mimi nabuni tangu nilipougua."

Asubuhi wakaenda kiwandani pamoja. Mkemia, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu," akasema, "mashine hupima mvuke ni mwingi kiasi gani. Haijui kama mtu atafurahi au atatema. Hilo naambiwa na pua zenu, ndipo naipangia mpaka wa kizuri na kibaya. Kwa alama zako nilishaanza kuusogeza. Makopo mabovu yangepita, yakaliwa na watoto kama huyu. Mbona hukusema unaumwa?"

"Nani atamweka mwonjaji asiyenusa?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkemia akasema, bila hasira.

Alama za mama zikafutwa, vipimo vikarudiwa. Yeye akapelekwa kuosha chupa za maabara, na kiti chake akakalia mwingine. Wenzake wakaanza kumwita Mama Chupa. Wengine walitania, wengine hawakutania.

Jioni moja baadaye mama alimkumbatia Chiriku, akazamisha pua kwenye nywele zake, akavuta pumzi ndefu.

"Unanusa kitu, mama?"

"Hapana, mwanangu. Sinusi kitu. Nawe siku usiponusa, sema hunusi. Aibu ya ukweli unaililia mara moja ikaisha. Uongo mmoja hudai mwingine kila siku, mpaka unamfanya hata mtoto wako aongope."